Hodi Kwenye Nyumba za Kale: Masharti kwa Wasafiri wa Coaster Yangu

Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia, mkazi wa Tumbi. Mara mbili tatu kwa mwaka nakodi Coaster na kukusanya watu: wanakwaya, akina mama wa kikoba, vijana waliomaliza kidato cha nne na hawana pa kushinda Jumamosi, na wenzetu wa Kisarawe wakitaka kuungana nasi. Tunaanzia Maili Moja, Mlandizi tunakata kulia, tunatokea Makofia, na kabla jua halijawa kali tuko Bagamoyo. Mwaka mwingine tukijaliwa tunavuka kwenda Unguja. Tunakwenda kuingia kwenye nyumba za watu waliokwisha kufa.

Kila safari kuna mtu ananitia aibu. Nimechoka kukemea kwa mdomo, ndiyo maana nimeandika. Haya si ushauri. Asiyeyaweza abaki Maili Moja, mishikaki ipo.

Piga hodi, hata kama mlango uko wazi na tiketi unayo mkononi.

Neno hilo moja linakukumbusha ulipo. Hii ilikuwa nyumba. Kuna mtu aliugulia humu, kuna aliyejifungua, kuna aliyefokewa mbele ya watoto wake. Ukiingia kama unaingia duka la jumla utatoka umeona vioo na vibao tu. Niliwahi kupeleka kundi Magomeni, Mtaa wa Ifunda, kwenye nyumba aliyoishi Mwalimu Nyerere miaka ya kudai uhuru. Kijana mmoja akasimama sebuleni, akazungusha macho, akasema kwa sauti: "Ndiyo hii tu?" Ndiyo hii tu. Ni nyumba ya mtu aliyekuwa akifundisha Pugu, hapo jirani na Kisarawe, akatakiwa achague kati ya ualimu na siasa, na Machi 1955 akauacha mshahara. TANU wakati huo haijatimiza hata mwaka. Udogo wa nyumba ile ndio maonyesho yenyewe. Usiulize ina vyumba vingapi. Uliza Aprili ile familia ilikula nini.

Beba kitambulisho cha taifa.

Kiingilio cha mwananchi si sawa na cha mgeni, na ni nafuu. Lipa, dai stakabadhi, nyamaza. Atakayemwambia mlinzi "unajua mimi ni nani?" atatafuta usafiri mwingine wa kurudi Kibaha.

Vaa kama unakwenda kuhani kwa jirani.

Kaole, kilomita tano hivi kusini mwa mji wa Bagamoyo, kuna magofu ya misikiti, mkongwe wake ukihesabiwa kuwa wa karne ya 13, na makaburi yenye nguzo za mawe. Gofu la msikiti ni msikiti. Kaburi lisilosomeka jina ni kaburi. Usilikalie, usiliegemee, wala usiweke juu yake chupa ya soda upate mikono miwili ya kushika simu. Hilo la chupa nimeliona kwa macho yangu, na aliyeiweka ni mzee wa kanisa.

Anza na jiko.

Hili nalishika kuliko yote, na nitaeleza nilivyolipata, maana sikulipata chuoni.

Kulikuwa na nyumba moja, siitaji, imekarabatiwa hadi kuta zinaumiza macho kwa weupe. Kijana mwongozaji alituzungusha nusu saa nzima: hapa bwana mwenye nyumba alipokea wageni, hapa aliandika barua zake, kiti hiki kilitoka Bombay kwa jahazi. Bibi mmoja wa kwetu Tumbi, anayekaribia miaka 80, alikuwa nyuma ya kundi akiugonga ukuta kwa kifundo cha kidole kama anayechagua tikiti sokoni. Kijana alipomaliza akauliza kama kuna swali. Bibi akanyoosha mkono.

"Mwanangu, maelezo yako mazuri. Sasa watu wote hao waliokuwa wakikaa humu, nani alikuwa anawapikia? Na alipikia wapi?"

Kijana akaitazama karatasi yake. Jiko halikuwemo kwenye karatasi. Akatoka, akarudi na mlinzi, mzee mwenye funguo nyingi, ambaye alituzungusha nyuma ya vyoo vya wageni mpaka kwenye kibanda walichokuwa wakiweka ndoo, mafagio na vibao vya zamani. Akafungua. Dirisha hakuna, kuna tundu moja juu, pana kama kiganja. Kibanda hakikupakwa chokaa kwa kuwa hakuna aliyefikiri kuna mtu atataka kukiona, na hilo ndilo lililokiokoa. Kwenye boriti za mikoko palikuwa na masizi meusi yanayong'aa kama lami, mazito kiasi cha kuingia kwenye kucha.

Bibi aliingia peke yake. Akachutama. Akanyoosha mkono wa kulia mbele, mahali ambapo mafiga yangekaa, akawa kama anakoroga, na shingo akaigeuza pembeni kuukwepa moshi usiokuwepo. Akakaa hivyo muda kidogo, kisha akasema bila kugeuka: "Tundu liko huku, moshi unapita usoni. Huyu jicho la kushoto lilikuwa limekwisha."

Hakuna kibao kilichowahi kunifundisha kama kule kuchutama. Tangu siku hiyo utaratibu wa kundi langu ni huu: jiko kwanza, kisima pili, choo tatu, ngazi ya nyuma nne, ndipo sebule. Mwenye nyumba atasubiri. Picha yake iko ukutani, haiendi popote.

Usimpende mwenye nyumba kwa sababu tu ameandika kitabu.

Hapa watu wengi huanguka, na wasomi ndio huanguka kwa kishindo.

Nenda Nairobi, mtaa wa Karen. Chini ya vilima vya Ngong kuna nyumba ya mawe iliyojengwa mwaka 1912 na Mswidi Åke Sjögren. Karen Blixen, mama wa Kidenmark, akaishi humo akisimamia shamba la kahawa, mpaka 1931 shamba lilipomshinda. Sehemu ile ni ya juu mno, na kahawa haikupenda baridi. Baada ya uhuru Serikali ya Denmark iliikabidhi nyumba kwa Kenya, na mwaka 1986 ikafunguliwa kuwa makumbusho, mwaka mmoja tu baada ya Hollywood kutoa filamu ya kisa chake. Basi wageni wanakuja wakitafuta filamu. Wanasimama verandani wakitazama vilima na kushusha pumzi. Baadhi ya vitu vilivyomo ndani vimetoka kwenye filamu yenyewe, kwa hiyo kila kiti kiulize kwanza: wewe ni wa shamba au wa sinema?

Kisha uliza habari za Kamante Gatura, mtoto wa Kikuyu aliyefika pale na vidonda miguuni na kuishia kuwa mpishi wa nyumba. Uliza habari za Farah Aden, Msomali aliyeshika funguo na hesabu. Uliza habari za Wakikuyu walioitwa maskwota, waliotakiwa kulipia kwa siku za kazi haki ya kukaa kwenye ardhi ambayo wengi wao waliihesabu kuwa ni yao. Mama yule aliandika kwa ufasaha kwamba aliwapenda. Sawa. Kahawa ilichumwa na wao.

Na kwetu yuko Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, aliyezaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja. Mwaka 1866 alitoroka, akaolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani Heinrich Ruete, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Akina dada wa kundi langu wakifika Mtoni huwa wanajifuta machozi: mapenzi, kutengwa na ndugu, ugeni wa baridi ya Ulaya. Lieni, sikatazi. Lakini kitabu hichohicho kina sura inayoutetea utumwa, imeandikwa na mkono uleule uliowaliza. Karafuu zilizolisha jumba la Mtoni zililimwa na watumwa. Soko la watumwa Unguja lilifungwa 1873, utumwa wenyewe ukafutwa kisheria 1897, na huku bara Tanganyika ilikuwa mpaka 1922. Kipindi hicho si cha mbali. Bibi mzaa bibi yangu alikuwa msichana.

Usifunge mnyororo pasipo na mnyororo.

Sharti lililotangulia linawakera wanaopenda majumba. Hili litawakera wanaoyachukia, na pole yao.

Kwenye misheni ya Wakatoliki Bagamoyo, iliyoanzishwa na Mapadri wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, kuna mbuyu mkubwa. Ndani ya gome lake kinaonekana kipande cha mnyororo, mti umeumeza. Watu wakiuona hunyamaza. Huweka mkono kifuani, wengine hupiga magoti, na kila kundi lina mtu mmoja anayeanza kueleza jinsi babu zetu walivyofungwa hapo wakisubiri jahazi. Nami hulazimika kusema: ni mnyororo wa punda. Mwaka 1895 Madame Chevalier, mama wa Kifaransa aliyekuwa akihudumia wagonjwa, alikuwa akimfunga punda wake hapo. Mnyororo ukasahauliwa, mti ukanenepa.

Nikisema hivyo watu hukasirika kana kwamba nimewaibia. Mama mmoja aliniuliza mbele ya wote: "Kwa hiyo Mwalimu unawatetea waliotuuza?" Simtetei mtu. Namkinga mtumwa asisingiziwe mnyororo wa punda. Ukitia chumvi kwenye kweli, siku mwenzio akiionja atamwaga chumvi na mchuzi pamoja. Leo ni punda, kesho anakwambia hata lile soko la watumwa la Mkunazini, Unguja, lilikuwa hadithi.

Na Mkunazini ni mfano mwingine. Kanisa kuu la Anglikana lilianza kujengwa mwaka 1873 mahali palipokuwa soko, chini ya Askofu Edward Steere, yule mtaalamu wa Kiswahili. Soko lilikuwepo, hilo halina mjadala. Jirani kuna vyumba vya chini vya giza ambako wageni huingizwa wakiinama na kuambiwa hapa ndipo watumwa walipofungiwa. Wapo wanahistoria wanaosema jengo lile lilisimamishwa baada ya soko kufungwa, kwa ajili ya hospitali ya misheni, na vyumba vile ni ghala. Ingia, inama, lakini kumbuka mjadala upo. Kisha toka nje, ukasimame mbele ya shimo lenye sanamu za watu watano zilizochongwa na Clara Sörnäs, msanii wa Sweden, miaka ya 1990 ikielekea mwisho. Minyororo iliyo kwenye shingo za sanamu zile ni ya kweli, na inasemekana ilitoka Bagamoyo. Kama umekuja na machozi yako, yatoe hapo.

Usisahau na hili, maana hata wema una jiko lake: misheni ya Bagamoyo iliwakomboa watumwa, wengi wao watoto, ikawajengea kijiji. Watoto hao waliamka kwa kengele na kulima shamba la misheni. Uliza kibao kinasema nini kuhusu jembe.

Uliza uzito wa mzigo.

Ngome Kongwe, nyumba ya Kijerumani, jengo la misafara: kila mahali Bagamoyo utasikia pembe za ndovu zilifika kutoka bara. Zilifikaje? Kichwani na begani. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa frasila mbili hivi, karibu kilo 32. Kwenye buti ya Coaster yangu kuna mfuko wa mchanga wa uzito huohuo. Kila kijana aliye chini ya miaka 30 ataubeba kutoka gari lilipoegeshwa mpaka langoni. Mpaka leo waliofika bila kuutua ni watatu, na mmoja ni binti wa Visiga anayeuza maji. Kutoka Tabora ni kilomita 800 hivi.

Ukishautua, usikimbilie kusema kila aliyebeba alikuwa mtumwa. Wanyamwezi wengi walikuwa wapagazi wa ujira, waliopatana malipo ya nguo na shanga, na walijua kugoma msafara ukiwa katikati ya pori. Watumwa nao walikuwemo njia hiyohiyo, wengine chini ya mzigo uleule. Ndiyo maana hata jina la mji watu wanaligombania: wengine wanasikia mpagazi anayebwaga moyo wa uchovu pwani, wengine wanasikia mtumwa anayeuacha moyo wake kabla ya kupakiwa jahazini. Usiniamulie. Yote mawili yalipita barabara ileile.

Februari 1874 mwili wa Livingstone ulifika hapo misheni, umebebwa miezi mingi kutoka alikofia. Wageni hupiga picha mnara wa marehemu. Wewe niambie majina ya waliouongoza msafara ule. Asiyeweza kutamka Susi na Chuma hapandi gari kwenda chakula cha mchana.

Na kwa waliowahi kulazwa au kuuguza Muhimbili, wodi ya Sewahaji: jina hilo ni la Sewa Haji, mfanyabiashara Mhindi wa Bagamoyo aliyekuwa akiiandaa misafara na kuipa mali na wapagazi. Alitoa pia fedha za shule na hospitali. Alifariki 1897. Faida ya pembe ilijenga kitanda ulicholalia. Sina la kukwambia ufanye nalo. Lijue tu.

Usiguse mlango. Usichonge jina. Usinunue kipande.

Mlango wa nakshi una mfaa katikati, una kizingiti, una misumari ya shaba, na una uongo mwingi unaosimuliwa juu yake. Misumari, wanasema, ni ya kuzuia tembo. Niambie nani aliwahi kuona tembo kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe. Nakshi ya mnyororo ukingoni, wanasema, ni alama ya mwuza watumwa. Wapo mafundi wanaosema ni ulinzi wa nyumba tu, kufuli la mchoro. Sikiliza zote mbili, andika zote mbili.

Ila sheria haina pande mbili. Huku bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inailinda milango na fremu za nakshi zilizochongwa kabla ya 1940. Kwa hiyo yule kaka atakayekufuata uchochoroni na kipande kilichofungwa kwenye kiroba, bei ya kutupa, mwambie hapana na uongeze mwendo.

Kuhusu kuchonga majina: mwanafunzi wangu mmoja, zamani nikiwa bado kazini, aliandika jina lake na la msichana kwa ncha ya ufunguo kwenye ukuta wa chokaa. Sikumchapa. Nilimtafutia fundi, akakaa naye siku nzima akitwanga na kuchekecha chokaa ili kuziba mstari wa urefu wa kidole. Jioni mikono yake ilikuwa imechubuka. Siku hizi ni fundi ujenzi, na akipita nyumba ya kale iliyopigwa lipu ya saruji hunipigia simu kulalamika. Ana haki. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunyonya unyevu na kuutoa. Ukiuziba kwa saruji maji yanabaki ndani, chumvi inausukuma ukuta, unamomonyoka kutoka tumboni. Nyumba nyingi za pwani zimeuawa na watu waliotaka kuzipendezesha.

Ukiona kamba, simama.

Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, lilisimama Forodhani, Unguja, zaidi ya karne, likapigwa mizinga ya Waingereza mwaka 1896 na bado likasimama. Tarehe 25 Desemba 2020, likiwa kwenye ukarabati, sehemu yake ikaporomoka na watu wawili wakafa. Mwaka huo nilikuwa na abiria aliyewahi kuniambia kamba za makumbusho ni za kutisha watoto. Hajarudia tena.

Hakuna picha za harusi.

Wala za mahafali, wala za "siku yangu ya kuzaliwa". Najua bahari inapendeza nyuma ya magofu. Mahali watu walipouzwa, bibi harusi hapakanyagi na shela. Nimeshawahi kumwambia mpiga picha hivyo usoni, akanijibu kuwa wamelipia. Soko nalo watu walilipia.

Mpe mwongozaji heshima yake, kisha muulize: "Umejuaje?"

Muulize kwa upole, akiwa peke yake, si mbele ya kundi. Wengi ni vijana waliokaririshwa na waliowatangulia, na wageni huwatuza kwa hadithi zinazoliza. Akisema "nimesoma", muulize wapi. Akisema "mzee fulani alinisimulia", mwombe akupeleke kwa mzee. Akisema "inasemekana", mpe kitu kidogo cha chai zaidi ya wenzake, maana amekwambia kweli.

Tafuta nyumba ambayo haipo.

Tukikusanya vyote tulivyoviona, majumba ni ya mawe, na ya mawe ni ya waliokuwa nacho. Nyumba ya miti na udongo, iliyoezekwa makuti, ikiachwa masika chache tu inarudi kuwa ardhi. Kwa hiyo makumbusho, hata pasipokuwa na nia mbaya, humkumbuka tajiri zaidi kwa sababu tu ukuta wake umebaki. Ndiyo maana kila kundi langu lazima lipite Kijiji cha Makumbusho, barabara ya Bagamoyo, Dar es Salaam, ambako tangu miaka ya 1960 zimejengwa nyumba za makabila mbalimbali za udongo, miti na nyasi. Watoto wa Kisarawe hucheka wanapoona nyumba kama ya bibi yao imewekewa kibao. Wacha wacheke. Kisha waambie waingie na kuhesabu hatua kutoka kitandani mpaka jikoni, kama walivyohesabu kwenye majumba ya mawe.

Kwenye mashamba ya mkonge sharti ni hilohilo, na ni gumu zaidi. Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893: miche 1,000 ilisafirishwa, ikafika hai 62. Hadithi hiyo kila mtu huipenda, miche 62 mashujaa. Nyumba ya meneja ipo kilimani, ina veranda, siku hizi nyingine zina wageni wa kulala. Manamba waliotolewa Kigoma, Iringa, Ruvuma na nchi jirani, waliopewa namba zikawa ndizo majina yao, walilala wapi? Usitafute ukuta. Tafuta miembe iliyojipanga mstari mahali pasipo na nyumba.

Usilale wakati wa kurudi.

Kutoka Makofia mpaka Mlandizi tunaongea. Kila mtu anataja kitu kimoja alichokiona, si alichoambiwa. Safari ile ya jiko zamu ilipomfikia bibi, tulikuwa tumeshaingia lami kubwa, taa za malori machoni. Sisi wa Tumbi tumekulia kando ya majengo ya Wanordiki. Mwaka 1963 nchi za Nordiki zilianzisha kituo hapa, cha shule, afya na kilimo, na Januari 1970 zikakikabidhi kwa Serikali. Ndilo Shirika la Elimu Kibaha. Tukipita mbele ya nyumba zile tunasema "kwa wazungu", ingawa wazungu waliondoka kabla wengi wetu hatujazaliwa. Kijana mmoja akadakia kwamba siku moja na nyumba hizo zitakuwa makumbusho, na yeye atakuwa mwongozaji.

"Utasema nini kuhusu jiko?" bibi akamuuliza.

Kijana akacheka. Bibi hakucheka. Akasema alikuwa na miaka 17 alipoanza kufua na kulea kwenye mojawapo ya nyumba hizo. Kwamba mama mwenye nyumba alimfundisha kuoka mkate mweusi mgumu ambao hakuna aliyeupenda ila watoto. Kwamba jiko lilikuwa la umeme, halina moshi, na mwezi wa kwanza alikuwa akigeuza shingo pembeni kila akikoroga, mpaka mtoto wa kizungu akaanza kumwigiza. Kwamba alipewa barua ya kumsifu, kwa Kiingereza, anayo mpaka leo kwenye bati la biskuti, na hajawahi kusomewa.

Miaka 40 nimekaa mtaa mmoja na mama huyu. Nimemfundishia watoto watatu. Nimewapeleka watu Bagamoyo, Unguja mpaka Nairobi kwenda kuuliza jiko lilikuwa wapi.

Safari ijayo hatukodi gari. Tunakutana kwake saa tatu asubuhi, kwa miguu, watu wasiozidi kumi. Daftari moja, kalamu mbili. Mnapiga hodi, mnamwamkia, mnakaa mkekani. Barua nitaisoma mimi. Asiulizwe chochote kabla hajamaliza chai yake.